Nguo za Mdogo Wangu Swaleh

Harufu ya nafutalini, kwangu mimi, ilikuwa harufu ya usafi. Katika nyumba yetu ya Mishomoroni, chumbani kwa bibi yangu mzaa mama, kulikuwa na sanduku kubwa la mbao. Kila lilipofunguliwa, ukali wa vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende na nondo ulitupanda puani mpaka machozi yakatulenga. Nilikuwa naipenda, wallahi! Nilijipenyeza mbele niivute kabla kifuniko hakijarudishwa. Humo ndimo zilimowekwa nguo zangu za uchanga, kofia, nepi na shali, zikimngoja atakayenifuata.

Alikuja wakati wa masika, nami nimeshaanza shule. Kwetu mtoto hanunuliwi nguo kabla hajazaliwa. Bibi aliona huko ni kumtakia mabaya. Mtoto huvaa za aliyemtangulia. Basi Mama alipojifungua mdogo wangu Swaleh, bibi alizitoa sandukuni akamvika papo hapo, bila kuzitia maji. Zilikuwa zimefuliwa na kupigwa pasi kabla ya kuwekwa, sasa kuzifua tena za nini? Mama alikuwa ndani, katika arobaini yake, madirisha yamefungwa asiingiwe na baridi, na chumba kizima kikanukia sanduku. "Mashallah, mtoto ananukia huyu!" wakasema majirani waliokuja kumtazama. Nikavimba kichwa kana kwamba nimesifiwa mimi.

Haukupita muda macho ya Swaleh yakageuka manjano. Majirani walisema ni mambo ya watoto wote, atolewe jua la asubuhi. Jua lenyewe liko wapi, na mvua ile? Kulipokucha, mkojo kwenye nepi ulikuwa mweusi kama chai ya mkandaa isiyotiwa maziwa, na ziwa hataki tena. Mama alilia bila sauti. Nilishikwa na hofu ambayo mpaka leo naijua ikija. Baba akaita tuktuk. Bibi akasimama mlangoni. "Mzazi hatoki kabla ya arobaini!"

"Mama, mtoto anakufa huyu," Baba alimwambia. Sikuwahi kumsikia akimpandishia mkwewe sauti. Bibi akapisha njia. Nikajipakia nami, kwani hakuna aliyekumbuka kunikataza.

Hospitalini daktari aliinama kumpima, akasita, akalinusa shali.

"Nguo hizi zilikuwa zimewekwa wapi?"

Mama akamweleza.

"Mvueni zote. Sasa hivi!"

Alituambia kwamba kuna watoto huzaliwa na damu isiyostahimili dawa ile. Wakiivaa au kuivuta, damu yao huvunjika mwilini. Swaleh akaongezwa damu. Nilikaa kwenye benchi nikinusa mikono yangu, nikiogopa hata kumgusa Mama. Swaleh alipona, alhamdulillahi, na sasa ni baba wa watu. Bibi alivitupa vidonge vyote chooni, akachemsha kila kitambaa cha nyumba ile, na kwa siku nyingi hakula akashiba.

Leo naishi Miritini, kwenye nyumba mpya za kupanga, na mume wangu na binti yetu mdogo Rukia. Tulihamia rangi ya ukutani haijakauka sawasawa. Makabati ni ya yale mabao ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, na ukiyafungua macho yanawasha. Kochi jipya, kapeti ya plastiki mpya, godoro ndio kwanza limevuliwa nailoni. Sabuni ina manukato, dawa ya mbu imechomekwa kwenye umeme. Tangu tuhamie, kifua cha Rukia kinapiga miluzi. Mume wangu ananicheka, "Wewe siku hizi wanusa mpaka sahani!" Acha acheke. Nikimuuliza mwenye nyumba rangi ile imechanganywa na nini, ananiambia ni rangi nzuri, haifubai. Nikisoma maandishi kwenye chupa ya sabuni, naona neno "manukato" tu, basi.

Juzi daktari wa Rukia aliniuliza kama kuna kitu kipya nyumbani. Nikacheka, kisha nikaona aibu, maana alikuwa hatanii. Mamangu aliambiwa amvue mtoto nguo, akamvua, mtoto akapona. Mimi huyu wangu nimvue nini? Nyumba?