Baba Alipopewa Chakula Abebe

Juzi, kwenye runinga ya saluni, nilimwona dubu akichana hema kutafuta mkate, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, Muaither, katika nchi ya Kiarabu tulikoishi.

Baba alikuwa dereva wa tajiri mmoja, na siku ile aliniingiza katika sebule ya wageni iliyonukia udi na kahawa ya iliki. Tajiri na rafiki yake walikuwa wakichagua bunduki ya kujikinga na dubu, kwa safari ya msituni huko nchi za baridi. Rafiki aliisifu bastola kwa wepesi wake. Tajiri alisema bastola ingemkasirisha tu dubu, akachukua bunduki ndefu ya risasi nene, akawa anaikoki tena na tena. Mlio ule ulinifurahisha.

"Na mimi, bwana, nitabeba ipi?" Baba aliuliza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza.

"Wewe utabeba chakula," tajiri alijibu, wakacheka.

Nami nilicheka. Sikujua kwamba dubu huongozwa na pua. Nilidhani Baba amepewa kazi kubwa kuliko zote, nikakimbia kumwambia Mama jikoni. Mama aliacha kusukuma chapati.

"Mwambie huendi, baba Zuhura," alimsihi alipoingia.

"Nikikataa, ataturudisha Tanga sote."

Akaenda. Dubu aliifuata harufu ya chakula hadi kwenye hema la Baba, na bunduki ilikuwa kwa tajiri, aliyelala mbali. Baba alirudi bila mkono wa kushoto. Mwezi haukuisha, tajiri akatukatia tiketi za kurudi Tanga, kwa kuwa dereva wa mkono mmoja hakumfaa.