Nyumba ya Gangilonga Isiyo na Bati

Jirani yetu wa zamani, mwalimu mstaafu, alinipigia simu asubuhi na mapema. "Mwanangu, kama unataka kuiona ile nyumba yenu, njoo leo. Wameshang'oa madirisha." Nikatoka nyumbani kwangu, mtaa wa Soweto, nikapanda basi la kwanza nililolipata la kwenda Iringa. Mbeya bado ilikuwa imefunikwa na ukungu.

Kama umekulia chini ya bati hutaniamini, lakini kwetu Gangilonga, pale Iringa, mvua ilinyesha bila kelele. Paa lilikuwa la zege, bapa kama meza, na watoto wenzangu walinicheka kwamba tunakaa kwenye nyumba ambayo haijaisha kujengwa. Serikali ilimpa baba kwa kuwa alikuwa mhandisi wa maji. Aliyeichora alikuwa mgeni, akaondoka mara baada ya uhuru. Ukuta mmoja ulikuwa wa mawe matupu, na sebuleni kioo kilianzia sakafuni hadi darini. Kila Jumamosi nilisugua ile sakafu nyekundu kwa nta na kumbi la nazi, makande yakitokota jikoni, mama akinipigia kelele: "Na pembeni! Wapita njia wanatuona!"

Baba alipofariki tukahama. Juzijuzi niliposikia inauzwa, mimi na mwalimu tukaandika barua kuomba ihifadhiwe. Ofisa wa mambo ya kale alitupokea kwa upole. "Historia ni boma la Mjerumani," akasema. "Hii ni ya juzi tu, mama. Hata mzazi wako ameizidi umri." Barua ya pili haikujibiwa.

Siku ile nilifika alasiri. Paa lilikuwa chini. Fundi alinisalimia, "Kamwene," akaendelea na nyundo yake.

Nikateremka Ipogolo kwa mama. Nilitaka kumdanganya kwamba nyumba bado ipo, nikashindwa. Akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulitamka: kabla yangu alizaa mtoto wa kiume, aliyeishi siku tisa tu katika chumba cha nyuma cha nyumba ile.

"Picha yake sina," alisema. "Nilikuwa najipa moyo kwamba chumba chake kipo. Sasa nani atajua kama alikuja duniani?"

Katika barua zile tulieleza mawe, vioo, zege na ustadi wa mchoraji, kurasa nzima. Tulidhani tunaijua nyumba.