Tambi za Marehemu Roza

Jamani, mnicheke tu. Mgahawani kwetu Kihonda nilipika tambi kama za Idi: tui la nazi, sukari, iliki. Bosi akataka za Kitaliano hasa, la sivyo nirudi nyumbani. Nikamwambia hizo ndizo nilizofundishwa na Mtaliano wa milimani, marehemu Bibi Roza. Kumbe sikuwahi hata kumwona; nilisikia tu sokoni kwamba amefariki. Roho ikinisuta, nikawa nawaomba wateja wamrehemu kabla ya kula.

Jana ukungu wa milima ya Uluguru ulishuka mpaka mlangoni. Nikaomba, "Mungu amrehemu Roza." Nyuma yangu sauti ikaitikia, "Amina."

Nikageuka, nikamwona bibi wa Kizungu, mweupe kama ukungu.

"Shikamoo," nikasema nikirudi nyuma.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mimi ndiye Roza, na bado ni mzima," akasema, bosi akisikiliza. "Tambi za sukari nilikufundishia kaburini?"