Mbegu Nilizochokoa Kwenye Ndizi

Juzi sokoni Iyunga nilimwona mtoto akichokoa ndizi kwa kijiti, nikakumbuka alasiri ile Tukuyu, siku moja kabla hatujahamia Iringa. Jikoni kwa bibi kulinuka moshi na ndizi mbivu. Nilikuwa nimechuchumaa, natoa vitone vyeusi vya katikati ya ndizi na kuvifunga kwenye karatasi.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Natoa mbegu, bibi. Nikazipande Iringa."

"Hizo haziotagi."

"Zangu zitaota."

Alichukua jembe, nikalisikia likigonga udongo nyuma ya nyumba, kisha akarudi na chipukizi la mgomba ndani ya gunia. Nilibeba vyote viwili. Kule Iringa nilivifukia vitone kwenye kopo la udongo, nikalimwagilia mpaka mvua zikaisha. Hakikuota hata kimoja; chipukizi la bibi ndilo lililoshika.

Leo najua ua la mgomba hutunga ndizi bila kuchavushwa, na vile vitone ni mbegu zilizokwama kabla ya kuwa mbegu. Bibi alishafariki. Lakini mgomba ulioko uani kwangu si mtoto wa mgomba wake. Ni ule ule, kwa kuwa chipukizi ni kipande cha mgomba wenyewe, na anayehama kwangu haondoki bila chipukizi lake.