Ili Mto Uonekane

Watu wengi wa mtaa wa Jericho wanamjua Mulama kwa kuta zao. Ukiingia katika nyumba zile za zamani za baraza la jiji, huenda rangi unayoiona sebuleni ni ya mkono wake. Tumefanya kazi ya rangi pamoja tangu tukiwa vijana, yeye juu ya ngazi, mimi chini nikipiga msasa. Yeye ni Mluhya, mimi ni Mkikuyu, na katika miaka hiyo yote hatujagombana, labda kwa sababu mimi huongea kidogo na yeye akiwa kazini hupiga mluzi tu.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba kila Jumapili Mulama alikwenda kuchora. Si kupaka rangi, kuchora. Alikusanya masalio yaliyobaki kwenye mikebe ya wateja, akayatia katika vikopo vidogo, akajifunga kipande cha plaiwudi mgongoni kwa kamba, akatoka. Hakufundishwa na mtu. Mke wake alipofariki, kanisani watu walimtazama kwa huruma mpaka ikamchosha, akaona heri atafute mahali ambapo atatazama yeye badala ya kutazamwa. Mimi nilianza kumfuata kwa kukosa la kufanya, kisha nikawa nashika brashi.

Raha ya kuchora nje nitaieleza mapema, maana nikiichelewesha hakuna atakayeniamini. Nilikuwa nimepita mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga mara nyingi mno nikienda kutafuta kibarua viwandani, na sikuona chochote ila matope na mabati. Mulama alinisimamisha juu ya tuta, ng'ambo ya mto, akaniambia nifumbe macho nusu kama mtu anayesinzia. Nikaona kwamba bati halina kutu peke yake. Asubuhi hushika buluu ya mbingu, na lile jipya hung'aa hata inabidi uliache jeupe. Moshi wa jiko ukipita mbele ya ukuta mweusi huwa na zambarau ndani yake. Nilikaa pale na njaa yangu nikaisahau.

"Umeona?" Mulama aliniuliza. "Na hakuna mtu wa kukutoza kiingilio."

Alinifunza mengi. Anza na vivuli, kwa sababu vinahama ukivitazama. Usitumie rangi ya mafuta karibu na barabara, maana inachelewa kukauka, lori likipita unabaki na anga yenye mchanga. Tumia ya maji. Siku ya upepo ning'iniza jiwe chini ya ubao. Usivae shati jeupe, mwanga wake unarudi kwenye picha na kukudanganya. Nyeusi ya mkebe iache huko kwa mkebe. Kivuli kinataka buluu na kahawia. Lakini funzo alilolirudia kuliko yote lilikuwa neno moja, ondoa.

"Jicho ni kama mgeni," alikuwa akisema. "Ukimpangia viti vyote mlangoni, ataingilia wapi? Kinachozuia njia, ondoa."

Chini ya tuta, karibu na daraja la miguu, palikuwa na mama aliyeuza uji na mandazi kwa vibarua. Aliitwa Perez, lakini kila mtu alimwita Mama Eve kwa sababu ya binti yake. Nyumba yake ilikuwa hapo hapo chini, kwenye laini, safu ya nyumba za mabati iliyosimama kati ya tuta na maji. Huyu ndiye aliyemrudishia Mulama kicheko.

"Fundi, umeishika Mukuru ama bado inakukimbia?" angeuliza akiwa chini.

"Inanikimbia, Mama Eve."

"Ni njaa hiyo. Kuja unywe uji. Na ukichora paa langu, uzibe pale panavuja."

Mulama si mtu wa kutangaza mambo yake. Nilijua mambo yamefika mbali siku niliyomkuta akipaka chumba chake rangi ya krimu. Miaka yote chumba cha mpaka rangi huyu kilikuwa na kuta zilizobanduka. Nikamuuliza ni krimu kwa nini. Akasema, "Ndiyo anayoipenda." Perez alikuwa amekubali kuhamia Jericho, ila baada ya Eve kufanya mtihani wake wa mwisho wa shule. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na katika kungoja huko Mulama alinunua plaiwudi nzuri, kubwa kuliko zote alizowahi kutumia. Alitaka kuchora mahali walipokutana, aitundike mkabala na mlango, Perez akiingia aione.

Mvua za masika mwaka huo zilikuwa mbaya. Mto ulifurika, ukabeba kuku, magodoro, na watu pia. Maji yalipopungua, redio ikatangaza kwamba nyumba zilizo karibu na mto zitaondolewa. Karibu kiasi gani, hakuna aliyesema. Watu wa Mukuru wakaanza kujipimia kwa kamba na kwa hatua, kila mtu akipata kipimo chake. Walikuja wageni wakatembea kando ya maji wakiangalia, hawakusalimia mtu.

Nilimwambia Mulama tuache Jumapili hiyo. Akasema mwanga wa baada ya mvua umeoshwa, ukiupoteza umeupoteza. Tukaenda. Picha ilikuwa karibu kuisha. Mto ulipita katikati ukiwa wa kahawia na fedha, nyuma yake kanisa la mabati, vyoo, nyumba zikipanda mpaka kwenye ukuta wa kiwanda. Ilikuwa nzuri. Sijui kusema zaidi ya hapo.

Sylvance alikuja kusimama nyuma yetu. Ni kijana wa mkokoteni, jirani ya Perez ukuta kwa ukuta, na kwa kawaida alikuwa mtu wa mzaha.

"Niaje, fundi. Leo kwangu ni wapi?"

Mulama akaonyesha kwa brashi. "Hii ni kanisa. Hapa vyoo. Ile kule ni nyumba ya ghorofa ya mabati."

"Nimekuuliza kwangu, buda. Laini yetu yote iko wapi? Hapa naona maji tu."

Mulama akamjibu kama anavyonijibu mimi tukiwa kazini, bila kuinua macho.

"Hizo nimeziondoa."

"Umeziondoa?"

"Ndiyo. Ili mto uonekane."

Niliona uso wa kijana ukibadilika, na nikajua amesikia lile neno la redio, lakini Mulama hakujua. Alikuwa akitafuta rangi ya kilele cha kanisa.

"Kujeni msikie!" Sylvance akapaza sauti kuelekea darajani. "Huyu mzee amesema na mdomo wake! Ametuondoa ili mto uonekane!"

Walikuja. Wengine walikuwa wametoka ibada na Biblia bado mkononi. Kila mmoja alisogea kwenye ubao akitafuta bati lake, na aliyelipata alirudi nyuma kimya, na asiyelipata alianza kupiga kelele.

"Kila Jumapili anasimama hapa akitupima, na sisi tunasema ni uzee!"

"Na rangi nyekundu ya kutia alama nyumba za kubomolewa si hiyo hapo kwa kopo!"

Rangi nyekundu ilikuwa ya beseni moja la kufulia. Nilijaribu kusema ni picha tu, ni mambo ya kutundika ukutani. Sauti yangu ni ndogo. Mwanamume mmoja akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Na wewe ndiye wa kushika futi ya kupimia?"

Ndipo Perez akapanda tuta, mwiko wa uji bado mkononi. Watu wakampisha.

"Mulama," alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita kwa jina. "Yangu iko?"

"Mama Eve, hii picha ni ya kwetu. Ya pale nyumbani."

"Sijauliza ni ya wapi. Yangu iko?"

"Haiko. Lakini ni kwa sababu—"

"Ulikuwa unakunywa uji wangu ukiangalia hapo."

"Ni picha, Perez. Mtu hawezi kuweka kila kitu."

Alilitazama lile jibu kana kwamba limeandikwa hewani. Nadhani hata wakati huo hakuamini kwamba Mulama ametumwa na mtu. Lililomuuma lilikuwa dogo kuliko hilo na baya zaidi. Sylvance alipiga teke vikopo, vikabingirika mpaka majini. Wengine walikuwa wameshaokota mawe.

"Mwacheni aende," Perez akasema. "Hana kazi tena hapa."

Tingatinga lilifika kabla ya wiki mbili kwisha. Lilianzia kwa Sylvance likapita na kwa Perez, laini ile yote, likaacha kanisa, likaacha vyoo. Yeyote ambaye angeshika ile picha mkononi siku hiyo angeapa kwamba dereva alipewa nakala. Mulama alikwenda mbio na mkokoteni wa kukodi ili ahamishe vitu vya Perez hadi Jericho. Alimkuta ameketi juu ya godoro lililolowa. Hakumjibu salamu. Aliyemjibu ni Sylvance, aliyekuwa akichomoa mabati yake kwenye kifusi.

"Buda, umekuja kuangalia kama mto unaonekana?"

Ulikuwa unaonekana. Mulama alirudi na mkokoteni mtupu.

Eve alipelekwa kwa nyanya yake kijijini Siaya, akafanyie mtihani huko. Perez alibaki, kwa sababu wateja wake walikuwa vibarua na vibarua hawako Siaya. Mulama alimtumia Perez salamu kupitia watu, hazikurudi. Siku moja baada ya kazi nilimkuta nje ya mlango wake, ameegemeza ile plaiwudi ukutani, anairudisha laini. Mlango baada ya mlango, bati baada ya bati, juu ya ule mto ambao alikuwa ameutafutia rangi kwa muda mrefu.

"Mlango wa Perez ulikuwa kijani ama buluu?" aliniuliza.

Sikukumbuka. Tulisimama wazee wawili tuliotazama nyumba ile Jumapili baada ya Jumapili, tukabishana kuhusu rangi ya mlango wake. Kazi yetu ni rangi. Hatimaye akapaka kijani. Picha ilikuwa imeharibika, alijua, nami nilijua. Ilikuwa imejaa kama soko, jicho halikuwa na pa kupita. Akaimalizia kwa vanishi, akaipaka mara mbili, ili idumu.

Tulimkuta Perez kando ya barabara ya viwandani, karibu na geti ambalo vibarua hupangia foleni. Alikuwa amesimamisha nguzo, mabati juu, magunia pembeni. Upande wa mvua ulikuwa wazi, na maji yalikuwa yamefika kwenye sufuria na moto.

"Mama Eve, hujambo?"

"Sijambo."

"Nimekuletea. Nimezirudisha zote."

Akapangusa mikono kwenye leso, akaishika picha kwa kingo, akaiangalia kwa muda.

"Mlango ulikuwa buluu," alisema.

"Nitaurekebisha. Hata leo."

"Ilipokuwa imesimama, uliiondoa. Imeondolewa, sasa unaichora." Hakupaza sauti. Aligonga ubao kwa kidole. "Hii ni plaiwudi ama hadibodi?"

"Plaiwudi."

"Na hii inang'aa ni nini?"

"Ni vanishi."

"Kwa hivyo haipitishi maji."

Akaubeba mwenyewe mpaka upande ule wa wazi, akauegemeza kwenye nguzo. Ulitosha karibu kabisa. Mulama aliangalia, nami nilitamani awe na hasira, lakini hakuwa nayo.

"Basi picha ielekee ndani," alisema. "Uwe ukiiona."

"Upande wenye vanishi ndio wa mvua, fundi. Si wewe ndiye unajua rangi?"

Alijua. Mtu mwingine angebisha, lakini fundi hawezi kubisha ukweli wa kazi yake. Akatoa nyundo kwenye mfuko wake, akaweka misumari katikati ya midomo, mimi nikashika chini. Alipigilia pembe zote, picha ikiangalia barabara na malori. Perez akaujaribu ubao kwa kiganja, akasema katikati unacheza, upepo utaung'oa. Pale katikati nguzo ilipita nyuma ya ile laini ya nyumba kwenye picha. Mulama akasimamisha msumari juu ya bati la Perez, akangoja kidogo kama mtu anayesubiri kuambiwa aache. Hakuambiwa. Akaupiga mpaka kichwa kikazama.

"Sasa iko sawa," Perez akasema, akarudi kwa wateja wake.