Mafuta ya Ufuta ya Bibi

Laiti ningemkatalia binamu yangu Saidi aliponiambia nimwage mafuta ya bibi.

Juzi hapa Guangzhou, baridi ikinitafuna magoti, nilimkuta mfanyabiashara Mhindi wa chumba cha pili akijikanda nyayo kwa mafuta ya ufuta. Harufu ilikuwa ileile. Utotoni, kila kipupwe bibi aliyapasha moto na tangawizi, kama alivyofundishwa na shoga yake wa Kihindi, akatupaka utosini hadi nyayoni.

Alasiri moja Saidi alininong'oneza, "Anatutia viungo. Kesho anatukaanga! Yamwage!"

Niliamini, nikayamwaga uani.

Bibi alipojua sababu, alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, mume wangu, ukitaka kupakwa tena, uje mwenyewe uniombe."

Saidi aliomba siku ileile. Mimi niliona haya, na bibi alikufa bila kunigusa tena.