Mfereji Uliochimbwa Siku Mbili

Wiki iliyopita nilipanda kwetu, mteremkoni Meru, mguu ukanyanyuka wenyewe kuruka mfereji ambao haupo tena. Wameufukia. Tangu hapo situlii, ndugu yangu, acha nikusimulie.

Mfereji ule ulitoka msituni ukapita kwenye kahawa na migomba ya watu wote, sisi Walutheri juu, Wasabato chini. Watoto tulitumwa alfajiri kuondoa majani yaliyouziba, maji ya baridi mpaka vidole vinakufa ganzi.

Kiangazi kimoja ukabomoka, ikabidi kuchimba njia mpya, nusu yetu, nusu yao. Jumamosi wao wakawa kanisani, tukachimba sisi. Jumapili sisi tukawa kanisani, wakachimba wao. Jumatatu maji yakafunguliwa. Vipande viwili havikukutana! Vilipishana hatua kama kumi, maji yote yakaishia kwenye maharage ya mzee wetu wa kanisa.

Ukazuka ugomvi, kila mtu na andiko lake kuhusu siku ya Bwana. Na jirani yetu, mama wa Kisabato, alikuwa na siku tatu tu tangu ajifungue. Kwake hapakuwa na maji hata ya kupikia mtori, ile supu ya ndizi anayopewa mzazi. Bibi yangu, Mlutheri wa kufa na kuzikana, akashika jembe.

"Mzazi kalala na kiu, nyie mnagombania Jumamosi? Leo Jumatatu. Haya, chimbeni!"

Wakaona aibu, wakachimba wote pamoja, wakitaniana kwa Kimeru. Saa tisa maji yakapita. Ndoo ya kwanza nilitwishwa mimi kuipeleka kwa mzazi, nikafika nimelowa, na jioni harufu ya mtori ikatufikia hadi kwetu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Sasa naishi mjini, Moshono. Madhehebu yamepatana, kwaya zinaalikana, tunashikana mikono na kuombea umoja. Ni jambo jema, sibezi. Lakini nina tanki langu na geti langu, na maji ya bomba yakikatika mimi sina habari.

Jana asubuhi mama mmoja aligonga akiomba ndoo moja tu ya maji. Nikamuuliza, "Wewe ni wa nyumba ipi?"

"Hapo nyuma, baba," akasema taratibu. "Jumapili tulikaa benchi moja kwenye ibada ya pamoja. Ulinishika mkono."